Leza ya kutoa miwani: utajuaje kama inakufaa wakati unaona maruweruwe

Mi kazi yangu ni kupima na kutengeneza miwani hapa Moshi mjini, sio daktari wa upasuaji, na najua kuna atakayesema huyu anaipiga vita leza kwa sababu inamuulia biashara, haya sawa, lakini malizia kusoma kwanza. Swali ninaloulizwa sana siku hizi, hasa na vijana, ni kama hii leza ya kutoa miwani inamfaa mtu anayeona maruweruwe. Ukimuuliza maruweruwe gani, mmoja anakwambia taa za magari usiku zinatawanyika, mwingine kila herufi ina kivuli chake pembeni, mwingine anaona vinzi vinaelea, mwingine fremu ya mlango imepinda katikati. Sasa hayo ni matatizo ya sehemu tofauti tofauti za jicho na leza inagusa sehemu moja tu.

Sehemu hiyo ni konea, kile kioo angavu cha mbele kabisa kinachofunika mboni. Mashine inapunguza konea kidogo kidogo, vipimo vya maikroni (maikroni elfu moja ndiyo milimita moja), mpaka umbo lake libadilike na mwanga utue vizuri kwenye retina kule nyuma. Basi, imeisha hapo. Haigusi lenzi ya ndani, haigusi retina, haigusi mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo wala ubongo wenyewe. Kwa hiyo kabla hujaanza kuulizia bei Dar au Nairobi au India, kazi yako ya kwanza ni kujua maruweruwe yako yanatokea wapi.

Na kuna kanuni moja ambayo mimi naiamini kuliko matangazo yote: leza ikienda vizuri sana inakupa macho yale yale ambayo miwani iliyopimwa sawasawa ingekupa. Ukivaa miwani sahihi unaona safi kabisa, wewe una cha kuongea na daktari wa leza. Ukivaa miwani sahihi na bado vitu vimepinda au vina kivuli, simama hapo hapo, tafuta sababu kwanza. Nasema "sahihi" kwa makusudi kwa sababu miwani mingi inayotembea mtaani sio sahihi, imepimwa kwa mashine ya sekunde mbili bila mtu kuulizwa hata swali moja, au kitovu cha lenzi hakijakaa usawa wa mboni, na hiyo peke yake inatosha kukufanya uone sakafu imeinama na kichwa kikuume. Miwani mipya ya astigmatizimu, yaani jicho ambalo mviringo wake hauko sawa pande zote, nayo inaweza kukupindishia dunia siku za mwanzo hata ikiwa sahihi, mpe mwili wiki moja mbili hivi uzoee kabla ya kulaumu macho.

Majaribio ya kufanya nyumbani

Haya hayachukui nafasi ya kupimwa, ila yatakusaidia ukifika kwa daktari ujue cha kumwambia, manake "naona vibaya" haimsaidii mtu.

La kwanza ni kufunika jicho moja. Kaa mbali kidogo na kalenda ya ukutani, zile kubwa za benki au za kanisani, vaa miwani yako kama unayo, funika jicho la kulia kwa kiganja bila kulibonyeza, soma tarehe, halafu geuza. Kama ukifungua yote mawili unaona vitu viwili viwili lakini ukifunika lolote kimoja kinapotea, maana yake macho hayaelekei sehemu moja, ni misuli au mishipa ya fahamu au makengeza yaliyojificha, na leza haina kazi hapo. Tena kama imekuanza ghafla, na kope imeshuka au kichwa kinauma vibaya, hiyo usisubiri kesho, nenda hospitali leo. Lakini kama umefunika jicho moja na lile lililobaki bado linaona tarehe na kivuli chake, tatizo limo ndani ya jicho hilo hilo, aidha konea, aidha machozi, aidha lenzi.

Ukiwa hapo hapo pepesa macho mara kadhaa. Kikisafika halafu baada ya sekunde chache ukungu ukarudi, hayo ni macho makavu, utando wa machozi unapasuka mapema. Huku kwetu hii ni kawaida mno, vumbi la kuanzia Julai mpaka mvua za vuli, upepo wa bodaboda usoni, alafu jioni simu mpaka usingizi. Watu wanaidharau lakini kwenye habari ya leza ni kubwa kuliko unavyofikiri, kwanza konea kavu inadanganya vipimo, mashine inasoma namba ambayo kesho sio hiyo, pili LASIK, ambayo ni aina mojawapo ya leza hii, yenyewe inakata vinyweleo vya neva vya konea ambavyo ndivyo vinaliambia jicho litoe machozi, kwa hiyo aliyeingia na ukavu kidogo anaweza kutoka na ukavu wa miezi kadhaa. Tibu ukavu kwanza, pima tena. Wapo ambao wakishatibiwa ukavu hata ile hamu ya leza inaisha, maruweruwe yalikuwa ni hayo tu.

Jaribio la tundu. Chukua kadi ya mchango wa harusi, najua unazo nyingi na zingine hujachangia, itoboe katikati kwa sindano, tundu la kama milimita moja. Vua miwani, funika jicho moja, na lile lingine liangalie kalenda kupitia kwenye tundu. Herufi zikikaa vizuri ghafla, tatizo ni namna jicho linavyopinda mwanga, yaani lile kundi ambalo miwani na leza vinafanyia kazi. Zisipobadilika, au ikawa giza tu, basi kuna uwezekano ni retina, au kovu, au mshipa wa jicho. Sio hukumu ya mwisho hii, mtoto wa jicho wa mwanzoni naye anaweza kusafika kidogo kwenye tundu.

Sasa rudia ukiwa umevaa miwani yako. Ukiona tundu linakuongezea usafi juu ya miwani, ama namba yako imepitwa na wakati, ama konea yako haiko sawa kiasi kwamba miwani ya kawaida haiwezi kuifuata. Hii ya pili ndiyo nataka tukae nayo chini kidogo baadaye.

La mwisho ni daftari la hesabu la vijumba. Weka nukta kubwa katikati ya ukurasa, lishike kama sentimita 30 kutoka usoni, vaa miwani ya kusomea kama unatumia, jicho moja moja, kodolea nukta tu. Mistari ikipinda, ikivimba, au kukawa na sehemu imefutika katikati, hiyo ni retina, ile sehemu ya katikati inayosoma na kutambua sura za watu. Hapo hata usimuulize mtu habari za LASIK, muulize daktari wa macho akutanue mboni aangalie nyuma, na fanya hivyo ndani ya siku, usiache ziwe miezi.

Maruweruwe ambayo leza haiyagusi kabisa

Vinzi na nyuzi zinazoelea ziko kwenye ute wa ndani ya jicho, nyuma kabisa ya konea. Utafanyiwa LASIK safi na vinzi vyako vitakuwepo, tena utaviona vizuri zaidi. Mwenye mainasi kubwa, yaani asiyeona mbali bila miwani, ajue pia kwamba jicho lake ni refu kuliko la wengine, retina yake imevutwa, na leza inaondoa namba lakini jicho linabaki na urefu ule ule na hatari ile ile ya retina kubanduka. Ukiona vinzi vipya vingi kwa mpigo, miale kama ya radi pembeni, au pazia jeusi linashuka, ni dharura, iwe umefanyiwa leza au hujafanyiwa.

Kuna wale wanaoona chenga chenga, vidoti vinavyochezacheza kwenye kila kitu, macho yote mawili, hata gizani, hata wakifumba. Wengi wao wanapata na mlio masikioni na kipandauso. Hiyo inatokana na ubongo unavyochakata picha, na wapo waliozunguka kwa wataalamu wa miwani miaka wakiambiwa macho hayana shida, ni kweli hayana shida. Mistari ya zigizaga inayokuja, inakua, halafu ndani ya saa moja inapotea, nayo ni kipandauso hata kama kichwa hakikuuma.

Makovu ya konea je? Mikoa yetu hii, hasa ukielekea Longido, Monduli na Ngorongoro, trakoma imeacha makovu kwa wazee wengi, na zipo dawa za kienyeji za kuweka machoni zilizoacha makovu kwa watoto. Leza ya kutoa miwani sio tiba ya hayo. Na jicho lililozembea toka utotoni, lile ambalo hata kwa miwani bora halifiki mistari ya chini ya ubao wa kupimia, litabaki hapo hapo.

Ndugu zetu wenye ualbino nao huuliza sana, na wengi wanafika KCMC, hospitali yetu ya rufaa hapa Moshi, kwa ajili ya mafuta ya kujikinga na jua yanayotengenezwa pale pale. Uoni wao hafifu unatokana hasa na retina ambayo katikati haikukomaa, pamoja na macho yanayochezacheza, kwa hiyo miwani ya kupunguza mwanga na vifaa vya kukuza maandishi vinawasaidia kuliko kulipuliwa konea.

Konea inayochongoka, hapa tusiende haraka

Katika wote wanaoona maruweruwe, anayenipa wasiwasi zaidi akitaja leza ni kijana wa miaka 16 mpaka 30 ambaye amekua na aleji ya macho. Mnawajua, macho ya rangi ya udongo, yanawasha mwaka mzima, anayasugua kwa vifundo vya vidole mpaka unasikia kile kisauti. Kusugua hivyo miaka na miaka kunaendana sana na ugonjwa wa konea kulegea, kuwa nyembamba na kuchongoka mbele, unaitwa keratokonasi. Dalili zake zinafanana kabisa na za mtu anayehitaji miwani tu: namba inapanda, hasa ya astigmatizimu, jicho moja baya kuliko lingine, kila miwani mipya inasaidia miezi michache halafu basi.

Alikuja binti mmoja wa chuo, mjomba wake alishakubali kumlipia leza, alichotaka kwangu ni namba tu apeleke. Kila likizo namba yake ilikuwa imepanda. Nikazima taa, nikaweka nukta nyeupe moja kwenye kioo cheusi cha simu, nikamwambia funika jicho, hesabu nukta. Mwenye mainasi ya kawaida anaona nukta moja imevimba ukungu. Yeye alihesabu nne na zote zina mkia kuelekea chini. Nilipompiga mwanga wa retinoskopu ule mwanga ndani ya mboni ukawa unafunguka na kufunga kama mkasi. Sikumwandikia namba, nilimwandikia barua aende apigwe picha ya ramani ya konea, na ramani ikatoka na kilima chekundu chini ya katikati. Mjomba akakasirika kwanza, eti duka la miwani linamzuia mtoto, baadaye akaelewa.

Ngoja nieleze kwa nini. Konea iliyolegea ukiipunguza unene kwa leza unaifanya ilegee zaidi, inasukumwa mbele na presha ya ndani ya jicho, na mtu aliyeingia na miwani anaweza kuishia kwenye foleni ya kupandikizwa konea. Dawa yake ya kwanza ni kuacha kusugua na kutibu aleji. Ya pili kama inaendelea kuchongoka ni ile ya kuikaza, wanadondoshea matone ya riboflavini, ambayo ni vitamini B2, halafu wanaimulika mwanga wa urujuanimno (UV), utaratibu wa mwanzo ulikuwa dakika 30 za mwanga. Inasimamisha ugonjwa, hairudishi macho mapya. Kuona vizuri kunatokana na lenzi ngumu za kuvaa juu ya jicho. Vipo vituo duniani vinavyochanganya leza kidogo sana na hiyo ya kuikaza kwa wagonjwa waliochaguliwa, lakini hilo ni jambo la daktari wa konea, sio ofa ya mwisho wa mwezi.

Kwa hiyo kituo chochote kinachotaka kukufanyia leza bila kukuonyesha ramani ya konea yako, aga vizuri na uondoke.

Taa za usiku

Dereva wa utalii aliyezoea kurudi usiku barabara ya Arusha Moshi, pale Kikatiti mpaka Boma Ng'ombe malori yanakuja na taa zote, anaona kila taa ina miale na duara. Anasema leza itamaliza. Inategemea. Kama akivaa miwani yake miale inaisha, basi ilikuwa ni namba, na leza inaweza kufanya kazi ile ile. Kama na miwani bado ipo, kwanza aangaliwe mtoto wa jicho na ukavu, na kioo cha gari nacho kiangaliwe, sitanii, mikwaruzo ya vumbi kwenye kioo inatawanya taa vibaya mno.

Lakini ajue leza yenyewe inaweza kuleta miduara ambayo hakuwa nayo. Gizani mboni inatanuka, ikizidi eneo lililosawazishwa, mwanga unaopita pembeni unatua vibaya. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, ilifanya uchunguzi kuhusu LASIK na matokeo yakachapishwa mwaka 2017: kati ya watu ambao kabla hawakuwa na tatizo lolote la kuona miale, miduara au vivuli, mpaka asilimia 46 waliripoti angalau moja miezi mitatu baada ya upasuaji, miduara kwenye taa ikiwa ndiyo inayoongoza. Wakati huo huo zaidi ya asilimia 95 walisema wameridhika, na waliosema wanapata shida kubwa sana kwenye shughuli zao kwa sababu ya dalili hizo hawakufika asilimia moja. Soma namba zote kwa pamoja, usichukue zile za kukutisha tu au za kukuuzia tu. Kwa mtu wa ofisini miduara kidogo sio kitu. Kwa anayekula kwa usukani wa usiku, mimi ningemshauri afikirie mara mbili, na amwombe daktari ampime upana wa mboni gizani.

Hesabu ya unene

Konea ya kawaida katikati ina kama maikroni 540. Kwenye LASIK wanakata kifuniko chembamba, tuseme 110, wanakifunua, wanapiga leza chini yake, wanakirudisha. Kila namba moja ya mainasi inakula kama maikroni 12 kwa eneo la milimita 6, eneo likiwa pana zaidi inakula zaidi. Sasa chukua mtu wa mainasi 8 mwenye konea ya 500: kifuniko 110, leza 96, chini kinabaki 294. Kiwango cha chini kinachotajwa sana ni 250, kwa hiyo unaweza kusema kapita. Ila ukigawa, umegusa 206 kati ya 500, ni asilimia 41, na ikishavuka 40 madaktari wengi wanaanza kusita. Mtu kama huyo anaweza kuambiwa afanye PRK, ambayo haina kifuniko, wanakwangua ngozi ya juu tu na kupiga leza, inauma siku kadhaa na uoni unachelewa kutulia, au lenzi ndogo ya kupandikizwa ndani ya jicho bila kugusa unene wa konea. Hesabu hii ifanye mwenyewe na karatasi yako ya vipimo mkononi, daktari mzuri hatachukia.

Namba yenyewe lazima iwe imetulia, isiwe imehama zaidi ya nusu ndani ya mwaka, na uwe umefika miaka 18, wengine wanataka 21. Mjamzito na anayenyonyesha wasubiri, homoni zinabadilisha konea na machozi. Kisukari kisichodhibitiwa, baridi yabisi na magonjwa mengine ya kinga, malengelenge yaliyowahi kushika jicho, vidonge vya chunusi vya isotretinoini, haya yote yaseme hata kama hujaulizwa. Keloidi, yale makovu yanayovimba, pia itaje. Na anayevaa lenzi za machoni aziache kabla ya vipimo, laini angalau wiki mbili, ngumu wiki tatu mpaka nne, zinaiminya konea na ramani inatoka ya uongo.

Mwenye miaka 40 na kuendelea

Fundi cherehani mmoja, mama wa makamo, mainasi mbili na nusu. Akifika mezani anavua miwani na kutunga uzi kwenye sindano mara moja, wenzake wa umri wake wanahangaika. Alitaka leza aachane na miwani kabisa. Nikamuwekea lenzi za kumfanya aone mbali safi, kama vile ameshafanyiwa, nikampa sindano na uzi. Akajaribu, akasogeza mkono mbali, akajaribu tena, akaniambia mwanangu hii biashara siitaki. Baada ya 40 lenzi ya ndani inakuwa ngumu na kusoma karibu kunapotea, mainasi yake ndiyo ilikuwa inamfichia. Leza ingempa mbali na kumnyang'anya karibu. Inawezekana kuacha jicho moja na mainasi kidogo kwa ajili ya karibu, lakini jaribu kwanza kwa lenzi za kuvaa, sio wote wanaozoea.

Wanaopanda mlima

Maguide na wapagazi wananiuliza kama jicho la leza litaharibika huko juu, kuna stori ya mtu kupofuka Everest. Stori ni ya kweli, mwaka 1996 Mmarekani Beck Weathers alipoteza uoni akiwa juu, lakini yeye alikuwa amefanyiwa upasuaji wa zamani wa kuchanja konea kwa kisu kama spoku za baiskeli, na konea ya hivyo inabadilika umbo hewa ya oksijeni ikipungua. LASIK na PRK haziyumbi kiasi hicho. Mambo ya kuangalia kwa mtu wa Kibo ni mawili: ukavu, hewa ya juu ni kavu na upepo mkali, na mwanga wa urujuanimno ambao huongezeka karibu asilimia 10 kila mita 1,000, kwa aliyefanyiwa PRK miezi ya mwanzo mwanga huo unaweza kuchangia ukungu wa kovu kwenye konea, kwa hiyo miwani ya jua ya kweli au usipande kwanza. Na kifuniko cha LASIK kinaweza kufunuka jicho likipigwa hata baada ya miaka, mbeba mizigo, mcheza ngumi au mpanda pikipiki aulizie PRK au SMILE, aina nyingine ya leza isiyo na kifuniko.

Kabla hujalipa

"Mbona baba mdogo alipigwa leza pale hospitali na ikachukua dakika tano?" Ya baba mdogo yaelekea ilikuwa ya retina kwa ajili ya kisukari, au ya presha ya macho, au ya kusafisha utando baada ya mtoto wa jicho. Mashine ni nyingine na kazi nyingine, isikupe picha ya hii.

Anza hapa hapa nyumbani. Pimwa namba kwa utulivu, tanuliwa mboni na daktari bingwa aangalie retina, KCMC wana idara ya macho na wanasomesha mabingwa wa macho, Arusha nako kuna kliniki. Piga simu kabla hujapanda Coaster uulize kama mashine ya ramani ya konea ipo na inafanya kazi wiki hiyo. Siku ya kutanuliwa mboni usiendeshe.

Ukienda mbali kwa upasuaji uliza bei inahusu macho yote mawili au moja, matone na marudio vimo, na namba ikirudi nani analipa. Panga kulala huko, kesho yake lazima uangaliwe, halafu wiki, mwezi na kuendelea, hivyo kama ni Nairobi usikate tiketi ya kurudi Namanga jioni ile ile. Ukirudi, ngao ya plastiki wakati wa kulala, hakuna kusugua, hakuna kuogelea chemchemi ya Chemka wiki za mwanzo hata wenzako wakikubembeleza vipi, maji yale yanaogewa na kila mtu.

Na karatasi zote za vipimo vya kabla ya upasuaji, namba, unene, ramani, omba nakala, zipige picha ujitumie na kwenye imeili. Ukija kupata mtoto wa jicho uzeeni, daktari atakayekupigia hesabu ya lenzi ya kuweka atazitaka, konea iliyopigwa leza inadanganya vipimo vya kawaida na ukikosa hizo karatasi unaweza kuwekewa lenzi ya namba isiyo yako.